Shauri juu ya Vyombo vya Kupikia Nafaka ya Mbegu za Uyoga

Wakulima wa Shinyanga na Geita, kila niendako siku hizi naulizwa swali moja kuliko mengine yote: mtu akitaka kutengeneza mbegu za uyoga kwa wingi, anunue chombo gani cha kuipikia nafaka? Wengine hutoa fedha kwanza, kisha ndipo huuliza, na aghalabu hao ndio wenye hasara. Shauri langu nalitoa wazi tangu mwanzo. Mkulima mmoja mmoja asinunue chombo kikubwa cha mvuke. Kikundi kinunue kimoja kilicho kizuri, na kila mkulima awe na pipa lake nyumbani.

Yapasa kwanza kujua kwamba kazi ya uyoga ina upishi wa namna mbili. Upishi wa kwanza ni wa mbegu. Mtama au uwele huchemshwa hata ulainike pasipo kupasuka, ukachujwa maji, ukachanganywa na chokaa kidogo ili punje zisishikamane, ukatiwa katika chupa hata theluthi mbili, na mdomo wa chupa ukazibwa kwa pamba na kufunikwa karatasi. Kisha chupa hutiwa katika mvuke ili kila kijidudu kilichomo kife, ndipo hupandikizwa utando wa uyoga. Upishi wa pili ni wa matandazo, yaani majani makavu ya mpunga, au takataka za pamba zitokazo katika viwanda vya kuchambulia, ambamo mbegu hizo zitapandwa. Matandazo hayahitaji kufishwa kila kilichomo. Joto la digrii 60 hata 80 kwa saa kadhaa latosha, kwa kuwa utando uliokwisha kukua katika nafaka una nguvu ya kushindana. Lakini nafaka iliyopikwa ni chakula kitamu cha kila ukungu na kila bakteria, wala haina mlinzi. Anayechanganya namna hizi mbili za upishi atanunua chombo cha ghali kwa kazi ya pipa, ama atatumia pipa kwa kazi isiyoliweza.

Kwa nini pipa halitoshi kwa nafaka? Ndani ya nafaka mna bakteria wa jamii ya Bacillus. Hao wakiona taabu hujifungia katika ganda gumu, mfano wa mbegu zingojazo mvua, na maji yachemkayo hayawaui hata yakichemka saa nzima. John Tyndall wa Uingereza alilionyesha jambo hilo mwaka 1877, akaonyesha na dawa yake: kupika leo, kesho na kesho kutwa, ili walioamka kati ya siku na siku wauawe kabla hawajajifungia tena. Miaka miwili baadaye, mwaka 1879, Charles Chamberland wa Ufaransa, msaidizi wa Louis Pasteur, alitengeneza chombo cha mvuke uliobanwa kiitwacho otoklevu. Sufuria ya presha ya jikoni ni ndugu yake mdogo. Mvuke ukibanwa kwa ratli 15 kwa kila inchi mraba, joto hufika digrii 121, nao wenye ganda gumu hufa.

Hapa kuna jambo ambalo vitabu vilivyoandikiwa nchi za chini havilisemi. Pwani maji huchemka kwa digrii 100. Shinyanga iko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, na huku maji huchemka kwa digrii 96 hivi. Geita nako si chini. Hata geji ya presha hutudanganya kidogo, maana ikionyesha ratli 15 huku kwetu, joto ni digrii 119 hivi, si 121. Kwa hiyo kitabu kikisema saa moja na nusu kwa chupa za lita moja, sisi tufanye saa mbili. Mtu asidiriki kuweka jiwe au chuma juu ya vali ili mvuke uzidi. Tena hewa yote itolewe kwanza: vali iachwe wazi, mvuke utoke kwa nguvu dakika 10, ndipo ifungwe. Hewa iliyobaki ndani hupandisha mshale wa geji bila kupandisha joto.

Wako wasemao, "Tyndall ametuonyesha njia, basi na tupike kwa pipa siku tatu, tusinunue kitu." Njia hiyo ni ya kweli, wala siidharau kwa mtu mwenye chupa kumi za kujaribia. Walakini kupika mara tatu ni kuni mara tatu, na habari ya kuni katika Shinyanga si habari ndogo. Kabla ya uhuru pori lilifyekwa kwa maagizo ili kuwafukuza mbung'o. Baadaye likafyekwa kwa mashamba ya pamba na kwa kuni, hata nchi ikaitwa jangwa. Kazi ya kurudisha miti ilianza mwaka 1986 kwa mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioitwa HASHI, ukaendelea hata mwaka 2004, nao ulifuata desturi ya zamani ya Wasukuma ya kutenga ngitiri. Zaidi ya hekta 300,000 zilirudi kuwa na miti, na mwaka 2002 kazi hiyo ilipewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Ngitiri haikutunzwa miaka yote hiyo ili tuje kuichoma chini ya mapipa ya mtama. Sufuria ya presha ikikwisha kupanda hutaka moto mdogo tu wa kuishikilia, na upishi huwa mmoja. Hiyo ndiyo sababu yangu kubwa ya kutaka chombo cha kweli kwa mbegu.

Sasa kiwe kikubwa kiasi gani? Hapa watu hupenda kujivuna. Hebu tufanye hesabu. Mkulima mwenye mifuko 100 ya kilo mbili kila mwezi ana matandazo kilo 200. Kwa kadiri ya mbegu kilo 5 katika kila kilo 100, ataka mbegu kilo 10 tu, yaani chupa 20 za nusu kilo. Otoklevu kwa chupa 20 kwa mwezi! Wakulima kumi wakiungana wana chupa 200, na chombo kiingizacho chupa 50 kitazimaliza kwa kupika mara nne. Wala kisiwe kikubwa zaidi ya mikono ya kazi. Kupandikiza utando kwa usafi ni kazi ya polepole, na chupa zilizopikwa 200 kwa siku moja zitamchosha mpandikizaji hata aanze kufanya haraka, na haraka ndiyo mlango wa ukungu. Kama kikundi kina umeme, chombo cha umeme ni kizuri. Lakini umeme ukikatika kabla saa mbili hazijatimia, hesabu ianze upya tangu mwanzo. Na kabla ya kulipa fedha, ulizeni kama mpira wa mfuniko wapatikana Mwanza au Kahama, maana huo ndio uharibikao kwanza.

Nawaonya juu ya vyombo vya mvuke vinavyochomelewa na mafundi wa barabarani. Mfuniko wenye upana wa sentimeta 40, mvuke ukiwa ratli 15, husukumwa kwa nguvu ya kilo zaidi ya 1,300. Ni kama ng'ombe wanne walionona wamesimama juu ya mshono wa fundi. Vyombo vya namna hii hukaguliwa na Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi kwa sheria ya mwaka 2003. Kisicho na vali ya usalama na geji kisiingie katika boma. Na pipa lenyewe lisifungwe kabisa hata siku moja. Liwe na tundu la kutokea mvuke.

Kuhusu pipa nina neno zito kwa watu wa Geita. Katika vituo vya machimbo kama Nyarugusu na Rwamgasa, na katika soko la Katoro, mapipa matupu ni rahisi kupatikana, nayo huvutia kwa unene wa bati lake. Mapipa mengine yalileta sianidi ya kusafishia dhahabu. Mengine yalitumika mahali penye zebaki. Haifai kuyanunua, hata yakioshwa kwa sabuni mara saba. Kanuni ya kimataifa ya utunzaji wa sianidi yakataza pipa tupu la sumu hiyo kutumiwa kwa jambo lingine. Zebaki nayo hutoa mvuke usioonekana, na pipa likipata moto mvuke huo huzidi, ukaingia katika majani, na uyoga una tabia ya kuivuta zebaki kutoka mahali uotapo na kuiweka ndani yake. Mlaji hataonja wala hatanusa kitu. Mwenye kuliuza pipa akishindwa kueleza lilikuwa na nini, liacheni. Tafuteni la mafuta ya kula, hata kama bei yake imezidi.

Moto wa pipa hilo usiwe wa kuni za ngitiri. Miti ya pamba baada ya mavuno lazima ing'olewe na kuteketezwa ili funza wasipate makao. Basi iteketezwe chini ya pipa. Pumba za mpunga nazo huwaka vizuri katika jiko lake.

Katika kila upishi wa mbegu, chupa tatu zisipandikizwe kitu. Ziwe mashahidi. Ziwekwe pamoja na nyingine siku saba. Zikibaki kavu na safi, chombo kimefanya kazi yake. Zikitoa utelezi au harufu ya kuchacha, kosa ni la upishi, si la mpandikizaji, na kikundi kitazame geji, mpira na saa kabla ya kupika tena. Mtama uliooza usipewe watoto wala kuku. Mwaka 2016 watu walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula nafaka yenye sumu ya ukungu. Ufukiwe katika shimo la mboji, mbali na banda la uyoga.