Mkono unataka saa, si mafuta

Jumamosi nilikuwa Mbagala kumsalimia dada mmoja tuliyekua naye mtaa mmoja. Mwanawe ana miaka minne na ana mtindio wa ubongo. Mkono wa kushoto anaukunja kifuani kama vile si wake.

"Kaka, tunamchua mafuta kila usiku," akaniambia. "Na hospitali tunakwenda mara moja kwa mwezi."

Mafuta hayo ndiyo yamenifanya niandike. Kuchua si dhambi, ila hakumfundishi mtoto kushika kikombe. Mkono hufunzwa kwa kutumika. Kule Marekani, Edward Taub wa Chuo Kikuu cha Alabama, Birmingham, alionyesha kwamba mkono dhaifu huzoea kutelekezwa. Ndipo likaja zoezi la kuufunga ule wenye nguvu, ili dhaifu nao ufanye kazi. Andrew Gordon na wenzake wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, wao wakafundisha mikono yote miwili kwa michezo. Saa za mazoezi zikiwa sawa, matokeo ya njia hizo mbili hukaribiana. Kumbe siri ni saa!

Sasa nauliza: mara moja kwa mwezi ni saa ngapi?

Mwaka 2009 watafiti wa Australia walichapisha matokeo ya mazoezi ya nyumbani ya wiki 8. Familia zilichagua malengo, mtaalamu akawaelekeza, na watoto wakawapita wenzao wasiopewa mpango huo. Mashine ya gharama haikuhitajika.

Hoja yangu ni hii: dada yangu asipewe tarehe ya kurudi tu, apewe na mpango. Mtoto amenye ndizi, avue shati, ashike sahani. Kuufunga mkono mzima, hapo asubiri maelekezo ya mtaalamu. Lakini tusimtwishe yeye peke yake, maana alfajiri yuko kwenye vitumbua. Baba yupo, shangazi yupo. Na serikali isiache wataalamu wa utengamao wakae hospitali kubwa tu.

Kabla sijaaga nilimpa mtoto pakiti ya karanga. Akaibana kwa mkono ule wa kushoto, akaichana kwa wa kulia. Ilichukua muda, karanga nyingine zikamwagika. Mama yake akataka kumsaidia, nikamwomba asubiri.

Nyie mnaonaje?