Rangi ya matumbawe ni ushahidi, tusiiache ipotelee majini

Video nyingi za matumbawe ya pwani yetu, kuanzia Watamu hadi Mafia, zimevaa rangi moja. Mchanga ni wa bluu, samaki ni wa bluu, na mwamba uliojaa hudhurungi, zambarau na rangi ya chungwa unaonekana kama ukuta wa kijivu nyuma ya pazia. Watazamaji wameizoea hali hiyo hata wakadhani ndiyo sura ya bahari. Hasara hiyo inazuilika, na kinga yake ni kitu kidogo: kichujio chekundu, au filta kama wapiga picha wanavyokiita, kinachofungwa mbele ya lenzi kabla ya kurekodi na kinachoweza kufunguliwa mzamiaji akiwa bado majini. Kwa anayerekodi matumbawe kwa ajili ya kumbukumbu za hifadhi, kichujio hicho si pambo. Kinastahili kuhesabiwa kuwa sehemu ya kamera yenyewe.

Chanzo cha tatizo ni maji, wala si ubovu wa kamera. Maji hunyonya mwanga mwekundu haraka kuliko wa bluu. Hata katika maji safi kabisa, katika kila sehemu 100 za mwanga mwekundu zinazoingia kutoka juu, hubaki takriban 18 kwenye kina cha mita 5, na 3 tu kwenye mita 10. Katika kina hicho hicho cha mita 10, mwanga wa bluu hubaki karibu sehemu 90. Tena safari haiishii kwenye mwamba, kwa sababu mwanga huo lazima upite tena majini kutoka kwenye tumbawe hadi kwenye lenzi. Ndiyo maana mpiga picha aliyesimama mbali na mwamba hupoteza wekundu zaidi ya yule aliyeusogelea, ingawa wote wawili wako kwenye kina kimoja.

Kichujio hakiongezi wekundu uliokwisha kupotea. Hupunguza bluu na kijani vinavyoifurika kamera. Kamera iliyofurika bluu hujibana ili picha isiungue, na kwa kujibana huko huusonga hata ule wekundu kidogo uliosalia. Bluu ikizuiwa mlangoni, kamera hujifungua zaidi na wekundu hupata nafasi yake. Wapo watakaosema kompyuta inaweza kuifanya kazi hiyo baadaye, na ni kweli kwamba inafanya mengi. Mwaka 2019, Derya Akkaynak na Tali Treibitz wa Chuo Kikuu cha Haifa waliwasilisha mbinu iitwayo Sea-thru, inayoondoa athari ya maji kwenye picha kwa ustadi mkubwa. Lakini mbinu hiyo huhitaji kujua umbali wa kila kitu kutoka kwenye kamera, na ilijengwa juu ya picha ghafi. Kamera ndogo zinazobebwa na wazamiaji wetu kwa kawaida hubana video zinapoirekodi, na nyingi huigawa kila rangi katika ngazi 256 tu. Wekundu ukiwa umebanwa ndani ya ngazi kumi za chini, kompyuta itazivuta ziwe pana, lakini zitabaki kumi zile zile, na picha itajaa chembechembe na mabaka. Kompyuta husahihisha kilichorekodiwa; kisichorekodiwa hukikisia.

Kukisia kunaweza kuvumilika kwenye video ya harusi ufukweni, lakini si kwenye kumbukumbu ya mwamba. Tumbawe lenye afya hupata sehemu kubwa ya rangi yake, aghalabu hudhurungi, kutokana na mwani mdogo sana unaoishi ndani yake. Maji yakizidi joto, mwani huo hutoka na tumbawe hupauka, kama ilivyotokea kwa kiwango kikubwa katika Bahari ya Hindi Magharibi mwaka 1998 na tena mwaka 2016. Tumbawe lililopauka kabisa linaonekana hata kwenye video mbaya. Lile lililoanza tu kufifia ndilo linalofichwa na pazia la bluu, na ndilo ambalo msimamizi wa hifadhi anahitaji kuliona mapema. Chuo Kikuu cha Queensland kimekuwa kikigawa kadi ya rangi ya CoralWatch tangu mwaka 2002 kwa sababu hiyo hiyo: rangi ya tumbawe ni kipimo cha afya yake.

Wanaokipinga kichujio wana hoja mbili nzito. Kwanza, hula nusu ya mwanga au zaidi. Pili, taa za video hurudisha rangi kamili bila kubahatisha. Zote mbili ni kweli, na zote mbili zinaeleza kwa nini kichujio kinapaswa kuwa cha kufunguliwa. Taa nzuri hushinda kwa samaki aliye umbali wa mkono, lakini haziwezi kuangaza mwamba mzima, na bei yake ni kubwa mno kwa vikundi vingi. Taa zikiwashwa, kichujio kitoke, la sivyo kila kitu kitageuka chekundu. Kitoke pia karibu na uso wa maji, kwenye kina kirefu kisicho na wekundu wa kuokoa, na siku ya mawingu mazito. Katika maji ya kijani, kama yale ya karibu na mikoko na midomo ya mito, kibadilishwe kwa cha majenta. Kichujio kilichogandishwa ndani ya kasha la kamera hudanganya sawa na kukosa kichujio.

Iko hoja ya tatu: kwamba bluu ndiyo anayoiona mzamiaji, basi kuiondoa ni kupotosha. Jibu linategemea tunachokiulizia. Tukitaka kuonyesha jinsi kina kinavyoonekana, kichujio kifunguliwe. Tukitaka kujua hali ya tumbawe, rangi ya maji yaliyo katikati ni kizuizi cha kuondolewa, kama ukungu mbele ya dirisha.

Kwa hiyo hifadhi, vyuo na miradi inayolipia video za matumbawe waweke masharti mepesi katika kazi wanazoagiza: kichujio kinachotoka, kilichofungwa kamba kisichukuliwe na mkondo, kibao cheupe kirekodiwe mwanzoni mwa kila kipande, na kamera ipewe upya kipimo cha weupe kila kina kinapobadilika, kisha kina na kichujio kilichotumika viandikwe. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Matumbawe ni mali yetu, na video hizi ndizo daftari lake. Atakayelifungua miaka ishirini ijayo hataweza kurudi kupima rangi ya mwamba wa leo. Atakuwa na ile tu tuliyoirekodi.