Kisu cha Ibrahim na Mtoto wa Miaka Mitano

Hapa Majengo, mjini Songea, ambapo mtoto wa nyumba hii huenda chuoni kwa maalimu wakati wa alasiri na mwenziwe wa nyumba ya pili huenda kwa katekista siku ya Jumapili, hikaya ya Nabii Ibrahim na mwanawe huwafikia wote wawili: wa kwanza huisikia kila ikaribiapo Iddi ya kuchinja, na wa pili katika mkesha wa Pasaka, ambapo ni mojawapo ya masomo ya usiku ule. Kwa hiyo suala la iwapo visa vya vitabu vitakatifu vyenye damu na mauti vyawafaa watoto wadogo latuhusu sote, wala halimpi mtu wa dini moja nafasi ya kumsuta wa dini nyingine.

Aghalabu mabishano huwa juu ya wingi wa damu, nami naona kipimo hicho kina kasoro. La kutazamwa ni mtoto ameketi upande wa nani ndani ya kisa. Daudi amwangushapo Goliathi, hata akamkata kichwa kwa upanga wa Goliathi mwenyewe, mtoto yu pamoja na Daudi, mdogo aliyemshinda jitu, na usiku hulala usingizi wake. Firauni aamurupo watoto wa kiume watupwe mtoni, kisa ni cha kutisha, walakini dada yake Musa amesimama ukingoni akikilinda kisafina alimolazwa nduguye, na mtoto anayesikiliza hulindwa naye.

Kisa cha Ibrahim ni kingine kabisa. Sisi watu wazima huketi na baba, tukaustaajabia utii wake, ilhali mtoto amelazwa juu ya kuni. Nilipata kumsikia mtoto wa darasa la awali akimfuata mama yake kutoka jikoni hadi uani, akimwuliza itakuwaje iwapo baba naye ataota ndoto ile ya kumchinja mwanawe. Mama alicheka, na mtoto hakucheka. Kondoo aliyeikomboa nafsi ile alikwisha tajwa, na rehema ya Mungu pia, lakini sikio la umri ule lilikuwa limekwisha kushika kisu.

Sisemi kisa kifutwe, maana kina hazina kubwa. Katika Kurani baba humweleza mwanawe ndoto yake na kumtaka rai, naye kijana hujibu kwa ridhaa. Katika Mwanzo mwana ndiye aulizaye alipo mwanakondoo. Mambo haya mawili yanastahili kuzungumzwa na mtu aliyekwisha anza kupambanua, na umri huo dini zetu zenyewe zimekwisha utaja: hadithi ya Mtume yawataka wazazi wawaamrishe watoto sala wafikapo miaka 7, na Papa Pius wa Kumi, katika amri yake ya mwaka 1910 juu ya komunyo ya kwanza, aliutaja umri wa miaka 7 hivi kuwa ndio mwanzo wa akili ya mtoto. Ikiwa sala na komunyo zaweza kungoja, kisu nacho chaweza kungoja.

Kibaya zaidi ni kisa kugeuzwa fimbo. Mwalimu anayewanyamazisha watoto kwa dubu waliowararua vijana 42 waliomdhihaki Elisha amewafundisha kumwogopa Mungu kama wamwogopavyo mbwa wa jirani, na hofu hiyo haiwi ucha Mungu hata wakikua.

Mji wetu unajua kusimulia mauti. Tunayo Makumbusho ya Maji Maji pale Mahenge, na kila Februari tunawakumbuka mashujaa walionyongwa na Wajerumani tarehe 27 Februari 1906. Hatuwafichi vijana wetu habari hiyo, wala mzazi mwenye busara haanzi kumlea mtoto wa miaka mitatu kwa kumweleza kitanzi.

Basi nawasihi maalimu, makatekista na wazazi wenzangu: walio chini ya miaka 7 wapewe Musa na dada yake, wapewe Nuhu na wanyama wake, na mlima wa Ibrahim uwangoje. Na kwa kuwa wengine watausikia tu msikitini au kanisani wakiwa mapajani mwetu, warudipo nyumbani waulizwe wameogopa nini, na baba mwenyewe awaambie kwa kinywa chake kwamba hatawadhuru kamwe.