Malaika, Mahari na Harusi ya Nkowe



Baada ya msimu wa korosho tulivuka bahari kwenda harusini Nkowe, wilayani Ruangwa. Maharusi walipoingia ukapigwa wimbo wa "Malaika", na wanawake wote tukaitikia. Bwana harusi akainamisha kichwa. Baadaye shangazi wa bi harusi alitueleza: kijana alingoja misimu miwili ya korosho ndipo akatimiza alichotakiwa.

Wimbo huu tumekua nao. Fadhili William wa Kenya aliurekodi mwanzoni mwa miaka ya 1960, Miriam Makeba akauimba mbele ya dunia, na Boney M wakautoa mwaka 1981. Nani aliyeutunga, watu wanabishana mpaka leo. Wapo wanaomtaja Adam Salim, Mtanzania. Kisa chenyewe hakina ubishi: kijana anapenda, anataka kuoa, fedha hana. Tunauimba kwa raha, tukisahau kwamba ni kilio.

Sisi hatuilaumu mahari. Mahari ni haki ya bi harusi mwenyewe. Suratun Nisaa, aya ya 4, inaamrisha wanawake wapewe mahari yao. Si ya baba, si ya mjomba. Na Mtume (S.A.W.) alimwambia mtu asiye na mali atafute hata pete ya chuma, alipoikosa, akamwozesha kwa Qur'ani aliyoihifadhi.

Kilichomchelewesha kijana wa Nkowe hakikuwa mahari. Ni orodha iliyoambatana nayo: kilemba cha baba, mkaja wa mama, cha huyu na cha yule. Huku visiwani nako orodha hizo tunazo. Ni mila, nasi tunazipenda mila zetu. Lakini zawadi ikishakuwa sharti, si zawadi tena.

Basi dada unayeposwa, kabla barua ya posa haijajibiwa, taja mahari yako mwenyewe. Usiseme "chochote" kwa haya. Ukinyamaza, wengine watakutajia. Taja unachokiridhia, naye anachokiweza. Nanyi mama zetu, ipunguzeni orodha. Misimu miwili ni mirefu kwa vijana wawili wanaotaka halali.

Siku hiyo "Malaika" ukipigwa, bwana harusi naye ainue kichwa aimbe.