Cheka wa 2013 na Mwakinyo wa 2018: Nani Angeshuka Ulingoni Amebebwa?



Jumamosi nimeenda kunyoa hapa Ngarenaro. Dogo mmoja kwenye foleni alikuwa anacheki kwenye simu pambano la zamani la Mwakinyo. Braza mmoja mtu mzima, kwao Morogoro, akachungulia, akacheka: "Huyo kwa Cheka yule wa enzi zile hamalizi raundi nne." Saluni nzima ikalipuka. Hadi kinyozi kazima mashine, mimi kichwa kimenyolewa nusu.

Sasa ngoja niiweke hii kesi vizuri, maana pale kila mtu alikuwa anapiga kelele na hakuna aliyekuwa anasikiliza.

Kwanza tukubaliane tunamuongelea nani. Sitaki Cheka wa mwisho mwisho na sitaki Mwakinyo wa Liverpool. Namtaka Francis Cheka wa tarehe 30 Agosti 2013, usiku ule Dar alipomchapa Mmarekani Phil Williams kwa pointi, raundi zote 12, akabeba mkanda wa dunia wa WBF. Na namtaka Hassan Mwakinyo wa tarehe 8 Septemba 2018, chalii wa Tanga aliyeitwa Birmingham siku zimeisha, wenyeji wakijua wamepata mtu wa kupigwa. Raundi ya pili tu, Sam Eggington hoi, refa kamaliza kazi. Na Eggington hakuwa mtu wa kuokota njiani, mwaka mmoja nyuma alikuwa bingwa wa Ulaya.

Tatizo la kwanza ni uzito, na hili watu wengi wanaliruka. Cheka mkanda ule kachukua super middle, mwisho kilo 76 na kidogo. Mwakinyo yule alikuwa super welter, hakufika hata kilo 70. Tofauti ni kilo 6 hivi. Chukua gesi yote ya ule mtungi mdogo wa nyumbani, iweke nyuma ya ngumi. Unaiona hiyo? Ndiyo maana ngumi zina madaraja. Kwa hiyo ili kesi iwe ya haki, Cheka ashuke kidogo na Mwakinyo apande kidogo, wakutane kwenye kilo 72. Cheka uzito huo si mgeni nao.

Tukishafika hapo, raundi tatu za mwanzo nampa Mwakinyo bila kupepesa macho. Mkono mwepesi, anapiga tatu nne mfululizo na hachelewi kuona mlango ukiwa wazi. Na Cheka si chuma. Mwisho wa ule ule mwaka 2013 alienda Urusi kwa Fedor Chudinov na hakurudi na ushindi, kalambishwa sakafu mapema. Kwa hiyo mtu mwenye kasi na nguvu akimpata mwanzoni, Cheka analala. Braza wa Morogoro hapa aliniangalia vibaya, lakini ndio ukweli.

Shida inakuja Mwakinyo akishindwa kummaliza. Mnakumbuka Novemba 2019, Uwanja wa Uhuru, na yule Mfilipino Arnel Tinampay? Mwakinyo kashinda kwa pointi, sawa. Ila yule jamaa alikuwa anamfuata tu, anapigwa anakuja, anapigwa anakuja, hadi tulioangalia tukawa tunatafuna kucha. Sasa huyo aliyekuwa anamfuata mfanye awe Cheka, mtu wa Morogoro asiyejua kurudi nyuma, halafu weka raundi 12.

Jibu langu ni hili: raundi ya tano isipofika, Mwakinyo. Ikifika ya nane, Cheka kwa pointi. Ukinilazimisha nichague mmoja, roho inaniuma, ila naenda na Cheka. Mimi mtu wa kizazi cha Mwakinyo nimesema.

Najua hakuna wa kunithibitishia. Hata kompyuta iliwahi kushindwa. Mwaka 1970 walitoa filamu ya Muhammad Ali na Rocky Marciano, wamewarekodi wakipigana kiutani halafu eti kompyuta ndiyo iamue. Filamu ya Marekani Marciano kashinda kwa KO. Iliyoenda Ulaya, Ali ndiye kashinda! Yaani kila mtu kapewa jibu alilotaka kusikia.

Na ndicho kilichonikera saluni. Braza hakuwa anaongelea ngumi. Alikuwa anasema kizazi chetu ni laini, na ushahidi wake ni usiku mmoja tu, tarehe 3 Septemba 2022, Liverpool, Mwakinyo alipoachia pambano na Liam Smith raundi ya nne akisema mguu umeumia. Watu walimcheka nchi nzima. Ila Cheka tukimtaja tunataja Williams, Chudinov hatumtaji. Kwa nini mkubwa apimwe kwa usiku wake bora na mdogo apimwe kwa usiku wake mbaya?

Mimi mwenyewe kuna watu mtaani mpaka leo wananipima kwa matokeo ya form four. Najua inavyouma.

Bondia ana miaka miwili mitatu ya kuwa kwenye ubora wake, basi. Inapita kabla hujanunua hata kiwanja. Kitu kidogo tunachoweza kumpa ni kumkumbuka kwa siku ile aliyokuwa moto.

Kwa hiyo Cheka kwa pointi, ila Mwakinyo simuiti muoga, na wewe usimuite. Haya, wewe unampa nani, na raundi ya ngapi? Usiniletee jibu la "inategemea", nimeshanyoa nusu kichwa kwa ajili ya hii kesi.