AFYA NYUMBANI: Pua Inayochubuka Wakati wa Mafua

Tangu mwezi wa Juni mpaka Agosti, baridi inapokaza Limuru, Kinangop na Molo, ni nadra kuona nyumba isiyo na mtu mwenye mafua. Ugonjwa wenyewe watu huudharau, kwa maana huja na kwenda zake kwa muda wa siku 7 hadi 10. Lakini siku ya tatu au ya nne huzuka taabu nyingine: ngozi iliyo chini ya pua hukauka, hupasuka, na kila kupenga makamasi huwa kama kupakwa pilipili.

Wengi husema ni makamasi yaliyoila ngozi. Kweli, unyevu wake una sehemu, lakini kosa kubwa ni la kitambaa. Ngozi ya mwanadamu ina mafuta yake yenyewe, yanayoizuia isipoteze maji. Karani ajifutaye kwa karatasi ngumu ya ofisini, na mkulima atumiaye mkono wa koti lake la shambani, wote wawili huyakwangua mafuta hayo kutwa nzima. Kisha upepo wa baridi humaliza kazi.

Basi pua na ifutwe kwa kugusishwa kitambaa cha pamba kilicholainika kwa kufuliwa, wala isisuguliwe. Kitambaa hicho kifuliwe kila siku kwa maji ya moto, kikaushwe vema. Uso uoshwe kwa maji ya vuguvugu. Sabuni ya mche, ambayo ni ya nguo, isiguse mahali palipochubuka. Ngozi ingali na unyevu kidogo, ipakwe mafuta ya mgando, yaani yale yatokanayo na petroli. Yapakwe kidogo tu, asubuhi kabla ya kutoka nje, na kila baada ya kuosha uso.

Mafuta hayo yana habari yake. Robert Chesebrough, mwanakemia wa Marekani, alipofika kwenye visima vya mafuta vya Pennsylvania, aliwakuta wafanyakazi wakijipaka utando mzito ulioganda kwenye mitambo, ili kutuliza majeraha na mahali palipoungua. Aliusafisha, na mwaka 1872 akapata hati ya serikali ya kuulinda uvumbuzi wake. Lakini mtu asidhani kwamba dawa hiyo huua mafua, wala penisilini haiyaui. Kazi yake ni kama ya bati juu ya nyumba: huikinga ngozi mpaka ijitengeneze yenyewe.

Hatari iko katika mambo mawili. La kwanza ni jipu. Ngozi iliyopasuka ni mlango wa vijidudu, na pengine jipu dogo huota kwenye tundu la pua. Lisitumbuliwe kamwe! Mishipa ya damu ya mahali hapo inaungana na ile iliyo ndani ya fuvu la kichwa, na ingawa ni mara chache, sumu ya jipu lililokamuliwa imepata kufika huko na kuua mtu.

La pili ni watoto wachanga. Katika nchi nyingi iko desturi ya kumtia mtoto samli au mafuta puani ili apumue. Wazee waliifanya kwa mapenzi, lakini mafuta yaliyotiwa ndani yaweza kuteremka mpaka kwenye mapafu na kuleta ugonjwa mzito wa kifua. Mafuta hupakwa nje tu. Dawa kali za kuchua zenye kafuri zisikaribie pua ya mtoto hata kidogo, maana zaweza kumzuia pumzi. Pua yake ikiziba asiweze kunyonya, mama achukue nusu ya kijiko cha chai cha chumvi, aitie katika robo lita ya maji yaliyochemshwa yakapoa, na kudondosha tone moja au mawili kwa kila tundu kabla ya kumnyonyesha. Maji hayo yatengenezwe mapya kila siku.

Vidonda vikitoa maji na kufanya magamba yenye rangi ya asali, hayo si mafua tena, ni maradhi ya ngozi yanayoambukiza upesi. Mtoto apelekwe kwenye zahanati, na taulo yake itengwe na za wenzake. Na mtoto anayepumua kwa shida, au anayekataa kunyonya, apelekwe siku ile ile, hata kama ni siku ya soko.