Siri ya kazi na visingizio vyetu

Wengi wetu tunashika siri za watu kazini. Mmoja ni muuguzi, anaandika wagonjwa ndani ya rejista. Mwingine ni sekretere, ana neno la siri la kompyuta ya biro. Mwingine anatuma na kutoa feza za simu kwenye kibanda. Wote walielezwa sheria: usimpe mtu neno la siri, usipige picha fishi ya mgonjwa. Wanaijua vizuri. Kwa nini basi tunaivunja?

Mwaka 1957, wataalamu wawili wa Marekani, Gresham Sykes na David Matza, waliandika juu ya vijana wavunja sheria. Waliona kwamba wengi hawakatai kuwa sheria ni nzuri, ila wanajitafutia neno la kutuliza dhamiri. Mwaka 2010, Mikko Siponen na Anthony Vance walionyesha kwamba wafanyakazi wanafanya vilevile juu ya siri za kompyuta, na kwamba visingizio vina nguvu kuliko woga wa azabu.

Tuvisikilize, maana ni maneno ya kinywa chetu:

"Kazi ni nyingi, sikuwa na njia ingine."
"Hakuna aliyeumia."
"Shefu mwenyewe anafanya."
"Ni kumsaidia tu mwenzangu."
"Nimetumika hapa miaka mingi, kadogo haka si kitu."

Kisingizio cha kumsaidia mwenzako ndicho kinatushika sisi wamama zaidi, kwa sababu tumelelewa kusaidiana. Mwenzako amechelewa, anaomba neno lako la siri afungue kompyuta. Kumkatalia kunaonekana kama roho mbaya. Lakini feza ikipotea siku ile, kompyuta itaonyesha jina lako, si lake. Mwenye kukupenda hawezi kukuomba ubebe mzigo huo.

Na lile la "hakuna aliyeumia" tulipime vizuri. Fishi ya mama mwenye virusi vya UKIMWI ikipigwa picha na kutumwa kwa rafiki mmoja tu, nani atairudisha? Mama yule anaweza kufukuzwa nyumbani, ama kuacha kufuata dawa kwa sababu ya haya. Nchi yetu ina sheria ya tarehe 14 Julai 2008 inayolinda haki za wanaoishi na virusi hivyo. Aliyeumia yuko, ila hayuko mbele ya macho yetu.

Tukumbuke sanduku la akiba la vikundi vyetu. Lina kufuli tatu, na funguo zinashikwa na wamama watatu. Hatukufanya hivyo kwa kuwaona kuwa wezi. Tulitaka hata mmoja asijaribiwe, wala asishitakiwe bure. Neno la siri la kazini ni ufunguo kama ule.

Basi, siku kisingizio kinakuja kinywani, tujiulize: siri hii ni ya nani, na yeye angekubali? Kama sheria yenyewe inazuia kazi, tumwambie shefu mchana, wazi, ibadilishwe. Kuivunja kimyakimya hakuitengenezi.

Katika mkutano wa juma hili, kila kikundi kizungumze: ni kisingizio gani tunakisema zaidi, na siku kile kilipotumika, nani alilipa?